Lugha za Shule na Lugha za Nyumbani: Masomo ya Familia Moja ya Mtumba, Dodoma

Utangulizi

Suala la lugha ya kufundishia nchini Tanzania limeandikiwa mengi. Yapo matamko ya serikali, zipo ripoti za tume, na zipo tafiti za wataalamu wa isimu na wa elimu. Katika maandiko hayo mwanafunzi huonekana aghalabu kama tarakimu: idadi ya waliofaulu, idadi ya walioshindwa, wastani wa alama. Yanayompata mtu mmoja darasani, na yanayoifika familia yake kwa ajili ya lugha anayosomea, hayajaelezwa kwa kiasi hicho hicho. Makala haya yanafuata masomo ya familia moja ya Mtumba, kuanzia baba aliyejifunza kusoma akiwa mtu mzima hadi kitukuu chake kilichoanza shule baada ya wizara za serikali kuhamia jirani na nyumbani kwao. Mhusika wa kati ni binti wa baba huyo, ambaye baadaye alikuja kuwa mwalimu wa shule ya msingi. Humu ataitwa Mwalimu tu.

Mtumba iko mashariki ya Dodoma mjini, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro na Dar es Salaam. Ni nchi ya Wagogo, nchi ya mibuyu na vichaka vya miiba, ambayo mvua yake ni ya msimu mmoja, baina ya Desemba na Aprili. Watu wake wamezoea kulima uwele na mtama, na kufuga ng'ombe na mbuzi. Nyumba zao za asili ni tembe, zenye paa bapa la udongo. Mwaka 1973 uliamuliwa uhamisho wa makao makuu ya nchi kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma. Uamuzi huo ulitekelezwa kwa mwendo wa kinyonga mpaka mwaka 2016, serikali ilipoanza kuhama kwa dhati, na mwezi Aprili 2019 Mji wa Serikali ulizinduliwa Mtumba. Hivyo kijiji ambacho zamani kilikuwa mbali na shule ya sekondari sasa kinapakana na ofisi za wizara, ikiwamo inayosimamia elimu. Swali la makala haya ni dogo: katika mabadiliko yote hayo, lugha imeifanya nini familia hii?

Baba na kisomo cha watu wazima

Baba yake Mwalimu hakupelekwa shule utotoni. Alichunga ng'ombe, akaenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge, na huko ndiko alikookota Kiswahili cha kazi. Aliporudi aliishi katika kaya iliyokuwa mbali na kaya nyingine, kama ulivyokuwa utaratibu wa Wagogo, mpaka Operesheni Dodoma ya mwaka 1970 na 1971 ilipowakusanya watu katika vijiji. Kuhama huko kulikuwa na uchungu wake. Mifugo ilikosa malisho ya karibu, na mahame yaliachwa pamoja na makaburi ya wazee. Pamoja na hayo, kijiji kilileta kitu ambacho kaya zilizotawanyika zisingekipata kwa urahisi, nacho ni darasa.

Mwaka 1970 ulikuwa umetangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mzee yule alisoma alasiri, baada ya kazi za shamba, pamoja na majirani waliokuwa rika lake na wengine waliomzidi umri. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, alikaa katika kikundi cha kusikiliza redio, na baada ya vipindi wakachimba vyoo. Mtihani wa taifa wa kisomo wa mwezi Agosti 1975 ulimkuta anaweza kusoma barua na kuandika jina lake, la mkewe na la kila mtoto wake.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba lugha ya kisomo haikuwa lugha ya nyumbani kwake. Nyumbani walisema Cigogo. Hata hivyo, Kiswahili kilikuwa lugha aliyoisikia gulioni, mkutanoni na redioni, na ni lugha iliyo ndugu na Cigogo kwa muundo. Aliyezoea kusema munhu na wanhu hapati taabu kubwa kutambua mtu na watu, wala upatanisho wa kisarufi unaofuatana na maneno hayo. Mzee alivuka mto, lakini mto wenyewe ulivukika. Tangu hapo alianza kusoma namba za mizani mwenyewe alipopeleka mazao kuuza. Kwake hiyo ndiyo ilikuwa maana ya elimu.

Shule ya msingi: 1978 hadi 1984

Mwalimu aliandikishwa darasa la kwanza mwaka 1978, akiwa na umri wa miaka minane. Elimu ya msingi kwa wote ilikuwa imeanza kutekelezwa mwaka uliotangulia, na Sheria ya Elimu ya mwaka huo wa 1978 ilifanya mahudhurio kuwa lazima. Madarasa yalijaa. Walimu hawakutosha, na kwa sababu hiyo vijana waliomaliza darasa la saba waliajiriwa kufundisha huku wenyewe wakiendelea kufundishwa ualimu. Mmoja wa hao ndiye aliyekuwa mwalimu wake wa kwanza.

Siku za mwanzo zilikuwa za kimya. Kiswahili alichokijua binti huyu hakikuzidi shikamoo na marahaba. Kusema Cigogo katika eneo la shule kulikatazwa, na aliyekamatwa alivishwa kibao shingoni, akae nacho mpaka amsikie mwenzake akikosea ili amvishe yeye. Utaratibu huo uliwafundisha watoto kusikilizana kwa nia ya kukamatana. Mbukwa, salamu ambayo mtoto wa Kigogo hufundishwa kabla hajajua kuhesabu, ikawa kosa la kuadhibiwa mara tu mtoto avukapo ua wa shule.

Lakini kimya hicho hakikudumu. Kufika darasa la tatu alisoma kwa ufasaha, na kufika darasa la tano aliuliza maswali. Sababu moja ilikuwa ule undugu wa lugha uliotajwa. Sababu ya pili ilikuwa baba yake. Jioni mzee aliomba daftari la binti yake, akalisogeza karibu na koroboi, na kusoma kwa sauti, neno kwa neno, yaliyoandikwa siku hiyo. Penye somo la kilimo alisahihisha kitabu. Penye hesabu walishindana. Mzee hakuwa amesoma zaidi yake, lakini alikuwa na uwezo wa kuingia katika masomo yake, na mtoto alijua kwamba anayoyasoma yana shahidi nyumbani.

Haikuwa elimu ya raha. Mwezi Februari ulikuwa mwezi wa njaa, akiba ya ghalani ikiwa imekwisha na mazao mapya hayajakomaa. Uwele ulipoanza kutoa punje, watoto walibakizwa shambani kuamia ndege, maana kundi la kweleakwelea likishuka halimwachii mkulima kitu. Mwalimu mkuu alilalamika, wazazi wakamwuliza watakula nini. Kulikuwa na shamba la shule pia, kwa mujibu wa falsafa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, na watoto walilima huko walichokwisha kulima nyumbani. Pamoja na yote hayo, mtu akimwuliza Mwalimu leo ni lini alijisikia ana akili, hutaja miaka ile.

Shule ya sekondari: Januari 1985

Katika miaka ile waliochaguliwa kwenda sekondari walikuwa wachache mno. Mwalimu alikuwa mmoja wao. Mwezi Januari 1985 alipokewa kidato cha kwanza katika shule ya bweni ya wasichana.

Tarehe hiyo ina historia yake. Tume ya Rais ya Elimu iliyoundwa mwaka 1980 chini ya uenyekiti wa Jackson Makweta ilitoa ripoti mwaka 1982, na miongoni mwa mapendekezo yake ni kwamba masomo ya sekondari yaanze kufundishwa kwa Kiswahili ifikapo Januari 1985. Kundi la wanafunzi aliloingia nalo Mwalimu ndilo lingekuwa la kwanza. Serikali haikulikubali pendekezo hilo, na mwaka 1984 ilithibitisha kwamba Kiingereza kitaendelea kuwa lugha ya kufundishia baada ya shule ya msingi. Mwaka huo huo Clive Criper na William Dodd, wataalamu kutoka Uingereza, walitoa ripoti iliyoonyesha kwamba Kiingereza cha wanafunzi kilikuwa chini mno kuweza kubeba mafunzo. Dawa iliyofuata haikuwa kubadili lugha. Kuanzia mwaka 1987 ulianzishwa mradi wa kuimarisha Kiingereza kwa msaada wa Uingereza, na vitabu vya hadithi nyepesi vikasambazwa mashuleni.

Wasichana wa kidato cha kwanza hawakuyajua hayo. Walichokijua ni kwamba asubuhi moja walimu waliacha kueleweka. Mwalimu wa historia aliandika ubao mzima, akafuta, akaandika tena, nao wakanakili. Mwalimu wa biolojia alieleza kwa Kiingereza, akatazama nyuso, akafunga mlango na kurudia kwa Kiswahili kwa sauti ya chini, kama mtu anayesema siri. Mle ndani ya Kiswahili cha mlango uliofungwa ndimo walimojifunza. Mtihani, hata hivyo, ulikuja kwa Kiingereza. Kibao nacho kilikuwapo huko. Safari hii kosa lilikuwa kusema Kiswahili, lugha ile ile ambayo miaka saba nyuma ilikuwa ndiyo sheria.

Katika mtihani mmoja wa biolojia palikuwa na swali lililotaka maelezo ya jinsi mmea unavyotumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula. Binti wa Mtumba aliliacha wazi. Tangu utotoni alikuwa akiona kwamba uwele uliopandwa chini ya kivuli cha mbuyu hurefuka ukawa mwembamba na masuke yake hayajazi punje. Baba yake alimweleza mara nyingi kwa nini mstari wa karibu na mti haupandwi. Aliyaona mambo hayo kila msimu, ila hakuwa na njia ya kuyafikisha kwenye karatasi. Neno usanisinuru alikutana nalo baadaye, alipokuwa amekwisha kumaliza shule, katika Kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990.

Likizo ya kwanza aliporudi nyumbani, mzee aliomba daftari kama kawaida. Alilifungua, akaligeuza kurasa kadhaa, akamrudishia.

"Hii sasa ni ya kwako, mwanangu," alimwambia.

Hakuliomba tena. Hasara hii haimo katika takwimu zozote za mitihani. Kwa miaka saba nyumba na shule zilikuwa zimesemezana kwa kupitia daftari. Baada ya Januari 1985 mzazi alibaki kuwa mlipaji wa nauli na mnunuzi wa sabuni.

Mwalimu na binti yake

Mwaka 1988 Mwalimu alimaliza kidato cha nne kwa alama za kadiri, akaenda chuo cha ualimu, kisha akapangiwa shule ya msingi karibu na kwao. Darasani kwake hakukuwa na kibao. Wiki za kwanza za darasa la kwanza aliwaruhusu watoto wajibu kwa Cigogo, naye akawarudishia jibu lile lile kwa Kiswahili, hadi wakazoea. Sera haikumpa ruhusa hiyo. Mitaala haikuwa na nafasi ya lugha za makabila, na wakaguzi walipofika darasa zima lilijua kuwa siku hiyo ni ya Kiswahili kitupu. Hata hivyo watoto wake walijua kusoma mapema kuliko wa darasa la jirani, na mwalimu mkuu alinyamaza.

Binti yake alizaliwa mwaka 1995 na kuanza shule mwaka 2002, baada ya ada ya shule za msingi kuondolewa. Hali ilifanana na ile ya mwaka 1978: watoto wa umri mbalimbali katika chumba kimoja, na walimu wachache. Mwaka 2009 binti huyo aliingia katika shule ya sekondari ya kata, moja ya shule zilizojengwa kwa nguvu za wananchi baada ya mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari kuanza mwaka 2004. Mama yake alifurahi kwamba mtoto atalala nyumbani. Lakini shule ilikuwa na walimu wachache wa sayansi, na Kiingereza cha kidato cha kwanza kilikuwa mlango ule ule uliofungwa. Tofauti ni kwamba Mwalimu, kwa kuwa yeye alisoma sekondari, aliweza kulifungua daftari la binti yake. Alimweleza kwa Kiswahili, naye alielewa. Kueleza tena alichokielewa, kwa lugha ya mtihani, ndiko kulikomshinda.

Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa mwezi Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa nchini walikuwa wamepata daraja la sifuri. Serikali iliunda tume, na baadaye matokeo yakapangwa upya. Binti wa Mwalimu alikuwa miongoni mwa wale ambao kupangwa upya hakukuwasaidia. Magazetini ulizuka mjadala mkubwa kuhusu walimu, vitabu, na wanafunzi wasiopenda kusoma. Binti mwenyewe hakusema neno kwa muda mrefu. Ujenzi wa Mji wa Serikali ulipoanza aligeuka mama lishe, akawapikia vibarua ugali na mlenda, na baada yao akawapikia makarani na madereva wa wizara.

Mjukuu

Mtoto wa mama lishe huyo alizaliwa mwaka 2018. Ulipofika wakati wa kumwandikisha shule ndipo mama na binti walipotofautiana kwa mara ya kwanza kwa uzito. Shule za msingi za binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza zilipanuka baada ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995, na mabasi yake sasa hupita katika barabara ya Mtumba kila asubuhi. Binti alitaka mwanawe apande mojawapo. Ada yake ilikuwa sehemu kubwa ya faida ya chungu chake.

Mwalimu alipinga. Alieleza, kama anavyoweza kueleza mtu aliyefundisha kwa zaidi ya miaka thelathini, kwamba mtoto hujenga fikra kwa lugha anayoifahamu, na kwamba Kiingereza hufundishika vizuri kikiwa somo lenye mwalimu anayekijua. Kisha akatoa hoja aliyoiona kuwa ya mwisho.

"Watu wa ofisi zile unawapikia kila siku. Umewahi kuwasikia wakizungumza Kiingereza?"

"Wanazungumza Kiswahili, mama," binti alijibu. "Lakini kila aliyeingia mle aliingia kwa cheti cha Kiingereza."

Jibu hili linastahili kuzingatiwa na wataalamu wa lugha kuliko linavyozingatiwa. Hoja ya Mwalimu ni sahihi kwa mintarafu ya ufundishaji, na tafiti nyingi za hapa nchini zinaiunga mkono. Hoja ya binti yake ni sahihi kwa mintarafu ya maisha. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na ya mahakama. Ndicho lugha ya Bunge, ya baraza la kata na ya dirisha la ofisi. Sera ya elimu ya mwaka 2014 ilieleza kwamba Kiswahili kitatumika katika ngazi zote za elimu, bila ya kukiondoa Kiingereza, na shule za sekondari ziliendelea kufundisha na kutahini kwa Kiingereza kama zamani. Nchi inafanya kazi zake kwa lugha moja na kuwachagua wafanyakazi wake kwa lugha nyingine. Mzazi aliyekwisha kuchujwa na chujio hilo hawezi kulaumiwa akitafuta namna ya kumpitisha mwanawe.

Mtoto alipelekwa shule ya Kiingereza. Mwalimu hakuendelea kubishana. Jioni humketisha mjukuu na kumfundisha kwa Kiswahili yale aliyoyasoma mchana, kwa kuwa ameona kwamba mtoto anazijua nyimbo za kuhesabu lakini akiulizwa mbuzi watano wakiuzwa wawili wanabaki wangapi, hutazama juu. Mzee, ambaye sasa ni mkongwe, humsikiliza kitukuu akisoma asiambulie neno. Akimpa salamu ya Cigogo, mtoto huitika kwa Kiingereza, kwa adabu zote alizofundishwa. Wakitaka kuzungumza, Mwalimu hukaa katikati yao kama mkalimani.

Hitimisho

Maelezo ya familia moja hayathibitishi kanuni. Hata hivyo yanaonyesha mambo matatu ambayo mijadala ya sera huyapita haraka. Kwanza, lugha ya shule humgusa mzazi sawasawa na mtoto, kwa kuwa ndiyo inayoamua kama mzazi atakuwa mshiriki wa elimu ya mwanawe au mtazamaji. Pili, adhabu ya kusema lugha ya nyumbani, iwe Cigogo mwaka 1978 au Kiswahili mwaka 1985, haikumwongezea mwanafunzi lugha mpya. Ilimfundisha kunyamaza, na ukimya huo ulimfuata mpaka chumba cha mtihani. Tatu, kukitetea Kiswahili kwa hoja za ufundishaji peke yake hakutoshi. Istilahi zipo, kamusi zipo, na wataalamu wa kuziendeleza wapo. Pasipokuwa na vitabu vya kiada vya sekondari na mitihani ya taifa kwa Kiswahili, istilahi hizo zitabaki kusomwa na wanaozitunga.

Mtaala mpya ulioanza mwezi Januari 2024 umeingiza somo la Kiingereza tangu darasa la kwanza katika shule zinazofundisha kwa Kiswahili. Hatua hiyo inaweza kumfaa mtoto wa Mtumba endapo somo hilo litapata walimu walioandaliwa, na endapo litaachwa libaki somo. Itakuwa hasara nyingine endapo itachukuliwa kuwa ni badala ya uamuzi uliokuwa ufanyike mwaka 1985. Lugha za nyumbani nazo hazina budi kupewa nafasi halali katika miaka ya mwanzo, ili walimu wa darasa la kwanza wasilazimike kuzitumia kwa kujificha. Mama lishe wa Mtumba hawezi kulisubiri jambo hilo, kwa kuwa mwanawe anasoma sasa, na ada ya muhula ujao ameanza kuiweka akiba.